JIKONI KWA WENZETU: Chai yenye mchele ndani yake

Mwezi huu tunaingia katika jiko la Wajapani. Hatupiki chakula. Tunachemsha maji na kutengeneza chai. Lakini chai yenyewe ina jambo la kushangaza. Ndani yake mna mchele.

Si mchele wa kupikia wali. Ni mchele uliokaangwa mpaka ukabadilika rangi, kisha ukachanganywa na majani makavu ya chai. Ukifungua pakiti yake utaona majani ya kijani. Utaona punje za mchele zenye rangi ya karanga zilizokaangwa. Utaona pia punje chache nyeupe zilizopasuka kama bisi. Ukinusa, harufu ya kwanza si ya chai. Ni harufu ya ukoko wa wali.

Wajapani huiita genmaicha. Hayo ni maneno mawili yaliyounganishwa. Genmai ni mchele ulioondolewa ganda gumu la nje tu, ukaachwa na ngozi yake laini ya kahawia. Cha ni chai. Neno hilo la pili halitusumbui, maana neno letu na lao yote mawili yametoka Uchina.

Hata hivyo, jina na kilichomo havilingani kila mara. Watengenezaji wengi hutumia mchele mweupe uliokobolewa kabisa. Wengine hutumia mchele wa kunata, ule ambao Wajapani huutwanga na kufanya madonge ya sikukuu yaitwayo mochi. Mchele huo hulowekwa, hupikwa kwa mvuke, hukaushwa, ndipo hukaangwa. Mambo yamebadilika, jina limebaki lile lile.

MTI NI ULE ULE

Mti wa chai wa Japani ni ule ule unaolimwa Rungwe, Mufindi, Lushoto na Kericho. Tofauti huanza baada ya kuchuma.

Umewahi kumenya kiazi ukakiacha mezani? Baada ya muda hugeuka rangi na kuwa cheusi. Jani la chai nalo ni hivyo. Likisagwa au kukatwa, likaachwa kwenye hewa, hugeuka kutoka kijani na kuwa jekundu, kisha la kahawia. Viwanda vya kwetu hutaka hivyo. Huacha jani ligeuke, kisha hulikausha. Ndiyo chai yetu nyeusi ya dukani.

Wajapani hawataki jani ligeuke. Likishachumwa hupelekwa upesi kiwandani na kupigwa mvuke wa moto. Mvuke huo huua ile nguvu inayogeuza rangi. Kisha jani husokotwa na kukaushwa likiwa bado la kijani. Kazi hii inahusishwa sana na mkulima mmoja wa karibu na Uji, Nagatani Soen. Inaelezwa kwamba mwaka 1738 ndipo alipoonyesha namna bora ya kupiga mvuke, kusokota na kukausha. Chai ya namna hiyo huitwa sencha.

Sasa sikiliza habari ya msimu. Kuchuma kwa kwanza huwa mwezi Aprili na Mei, baridi inapokwisha. Majani ya wakati huo ni machanga, laini na matamu. Ndiyo yenye bei. Mti huchipua tena na kuchumwa tena wakati wa joto, na tena joto linapopungua. Majani ya baadaye ni makubwa na magumu. Utamu wake ni mdogo. Chai yake huitwa bancha, nayo ndiyo chai ya kila siku ya watu wa kawaida.

Hapo ndipo mchele unapoingia. Genmaicha ya kawaida ni bancha, au sencha isiyo ya daraja la juu, iliyochanganywa na mchele wa kukaanga. Mara nyingi huwa nusu kwa nusu kwa uzito. Jani gumu halina harufu nyingi ya kujivunia. Mchele unaileta. Mkulima naye anapata mahali pa kuuza jani ambalo peke yake lingepata bei ya chini.

Huenda msomaji akauliza: je, huo si ulaghai? Si sawa na mwenye duka anayetia mchanga katika sukari? Hapana. Mchanga hufichwa. Mchele huu unaonekana kwa macho, nao umetajwa katika jina lenyewe la chai. Mnunuzi anajua anachonunua. Tena sheria ya Japani inataka vitu vilivyomo viandikwe kwenye pakiti kwa kufuata uzito. Kilicho kingi huandikwa kwanza. Ukisoma pakiti ukaona mchele umetangulia, ujue mchele ni mwingi kuliko chai. Ukiona chai imetangulia, ujue chai ndiyo nyingi. Hii ni faida moja ya kujua kusoma. Muuzaji anaweza kusifu bidhaa yake apendavyo, lakini mpangilio wa maneno yale madogo ya nyuma hauwezi kubadilishwa na sifa.

ILIANZAJE?

Kuna hadithi moja inayosimuliwa sana. Wanasema kulikuwa na mtumishi aliyeitwa Genmai. Siku moja alikuwa akimmiminia bwana wake chai. Punje za mchele zikaanguka kutoka katika nguo yake na kuingia kikombeni. Bwana alikuwa mtu wa upanga. Akakasirika, akamkata mtumishi kichwa. Kisha akaionja ile chai, akaiona tamu, akajuta. Akaamuru chai hiyo iitwe kwa jina la marehemu.

Hadithi hii hatuiamini. Genmai ni jina la mchele tu, kama tulivyoeleza. Inaelekea jina lilikuwapo kwanza, na mtumishi akatungwa baadaye ili kulieleza.

Wengine husema ilianzia katika mji wa Kyoto, kati ya mwaka 1920 na 1940 hivi. Wanasema mfanyabiashara wa chai hakutaka kutupa makombo ya mochi ya Mwaka Mpya. Akayakaanga na kuyatia katika chai. Maelezo haya yana sura ya ukweli zaidi. Watu wengi wenye jiko hawapendi kutupa kitu.

Maelezo ya tatu ndiyo utakayoyasikia mara nyingi. Yanasema maskini walishindwa kununua chai ya kutosha, wakaongeza mchele ili pakiti isiishe haraka. Kwa hiyo huitwa chai ya watu. Hapa pana jambo la kufikiri. Je, mchele ulikuwa kitu rahisi kwa maskini wa Japani?

Kuanzia mwaka 1603 hadi 1868 Japani ilitawaliwa na ukoo wa Tokugawa. Wakati huo mkulima alilipa kodi kwa mchele. Utajiri wa mtawala wa jimbo ulihesabiwa kwa mchele. Kipimo chao kiliitwa koku. Koku 1 ni kama kilo 150, nayo ilihesabiwa kuwa chakula cha mtu mmoja kwa mwaka. Wakulima wengi walilima mpunga, wakautoa, wakabaki kula shayiri, ulezi na mizizi. Kwa watu hao mchele haukuwa kitu cha kuongezea chai. Ulikuwa kodi. Kwa hiyo tunapoambiwa kwamba maskini walitumia mchele kwa sababu ulikuwa wa bei ndogo, tuulize: maskini wa wakati gani, na wa mahali gani? Mjini, katika karne ya 20, jambo hilo lingewezekana. Kijijini, enzi za koku, ni vigumu kuliamini.

Hata baada ya enzi hizo mchele ulibaki jambo kubwa. Mwezi Julai 1918 bei yake ilipopanda mno, wanawake wa vijiji vya wavuvi katika mkoa wa Toyama walijitokeza kuzuia mchele usipakiwe na kupelekwa kwingine. Ghasia zikaenea nchini. Mwezi Septemba mwaka huo serikali ya Waziri Mkuu Terauchi ikajiuzulu.

Na mambo haya si ya zamani tu.  Joto kali la mwaka 2023 lilidhuru mavuno ya mpunga. Hiyo ilikuwa sababu moja kati ya kadhaa. Mwaka 2025 bei ya mchele madukani ilipita yen 4,000 kwa mfuko wa kilo 5. Ilikuwa karibu mara mbili ya bei ya mwaka uliotangulia. Serikali ikafungua maghala ya akiba. Waziri wa Kilimo, Taku Eto, alisema hajapata kununua mchele, kwa kuwa wanaomuunga mkono humpa. Watu waliokuwa wakihesabu senti dukani walikasirika sana. Mwezi Mei 2025 akajiuzulu.

Wakati huo huo majani ya chai nayo yalipanda. Watu wa nchi nyingi walipenda sana matcha, yaani chai ya kijani iliyosagwa ikawa unga. Baadhi ya wakulima wa Japani wakaacha kutengeneza sencha, wakatengeneza majani ya kusagia matcha, maana ndiyo yenye bei. Majani ya kawaida yakapungua sokoni. Basi hiyo chai inayosifiwa kuwa ya watu wa kipato kidogo ikajikuta imeundwa kwa vitu viwili, na vyote viwili vimepanda bei.

SASA TUTENGENEZE

Unahitaji chombo cha kuchemshia maji, birika la chai, chujio, vikombe na kijiko cha kulia chakula. Wajapani wana birika dogo la udongo wa kuchoma liitwalo kyusu. Mkono wake uko ubavuni, si nyuma kama wa birika letu. Mji wa Tokoname unasifika kwa mabirika hayo. Ni mazuri, lakini si lazima. Birika lolote safi litafaa. Liwe halinuki mchuzi wala tangawizi ya jana.

Kwanza kipimo. Jedwali la vyakula la serikali ya Japani lina kipimo chake cha genmaicha. Ni gramu 15 za chai kwa mililita 650 za maji. Gramu 15 ni kama vijiko 3 vya kulia. Mililita 650 ni kama chupa mbili za soda. Hiyo inatosha watu wanne kwa vikombe vidogo.

Usishangae kuona majani mengi. Chai yetu nyeusi iliyosagwa hutoa rangi kwa kijiko kidogo tu. Hapa jani halikusagwa, na tena nusu ya kijiko ni mchele.

Pili, maji. Yachemshe mpaka yatokote kabisa. Kuchemsha kuna kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kuua vijidudu, na kazi hiyo ni kubwa kuliko chai yenyewe. Maji ya kisimani au mtoni yaliyopashwa moto tu, yakawa vuguvugu, si salama hata kama chai itakuwa tamu. Kazi ya pili ni kuitoa harufu ya mchele.

Yakishatokota, epua. Ngoja mapovu yatulie. Maji yatakuwa na joto la nyuzi 90 na kitu. Hapo ndipo pa kumimina. Kwa ndugu zetu wa nyanda za juu, kama Njombe iliyo karibu mita 2,000 juu ya bahari, maji hutokota yakiwa na nyuzi kama 93 tu. Wao wamimine mara moja, wasingoje.

Tatu, muda. Weka chai katika birika. Mimina maji. Funika. Hesabu polepole mpaka 30. Basi, imeiva.

Ndiyo, ni nusu dakika tu. Mtu aliyezoea kuchemsha majani jikoni mpaka yawe mekundu ataona kama mchezo. Lakini iko sababu, nayo inafaa kueleweka, kwa kuwa ukiijua utaweza kutengeneza chai yoyote ya kijani.

Ndani ya jani la chai mna vitu vya namna mbalimbali, navyo havitoki pamoja. Kuna kitu kitamu kiitwacho theanini. Hicho hutoka hata katika maji yasiyo ya moto sana. Kuna vitu vichungu na vya ukakasi, vile vinavyokausha ulimi kama ndizi mbichi. Hivyo hutoka kwa wingi maji yakiwa ya moto sana, na huzidi kadiri majani yanavyokaa ndani ya maji. Sencha nzuri ina utamu mwingi wa theanini. Ndiyo maana Wajapani huipoza maji mpaka nyuzi 80 au chini ya hapo, wakauvuta utamu na kuuacha uchungu. Hawana haja ya kipimajoto. Huyamimina maji yaliyochemka katika kikombe baridi, kisha katika kikombe kingine. Kila yakihamishwa, hupungua nyuzi kama 10.

Genmaicha ni kinyume. Jani lake gumu lina utamu kidogo. Ukiyapoza maji, hupati cha kusubiri. Kilicho kizuri ndani yake ni harufu ya mchele uliokaangwa, na harufu hiyo hutaka moto. Basi Wajapani hutumia maji ya moto sana ili harufu itoke, na muda mfupi ili uchungu usipate nafasi. Moto mkubwa, muda mdogo. Ukikumbuka hayo mawili, hata kijiko kikizidi au kikipungua, chai haitaharibika.

Kuna pakiti ambazo genmaicha imeongezwa unga wa matcha. Chai yake huwa ya kijani zaidi na yenye ukungu. Hiyo, na ile iliyotengenezwa kwa sencha nzuri, hupenda maji yaliyopoa kidogo, nyuzi kama 80 hadi 85, na muda wa dakika 1. Soma pakiti. Mtengenezaji kwa kawaida ameandika.

Nne, kumimina. Usijaze kikombe cha kwanza mpaka juu halafu ukaenda cha pili. Chai ya juu katika birika ni nyepesi, ya chini ni nzito. Wa kwanza atakunywa maji na wa mwisho atakunywa uchungu. Mimina kidogo katika kikombe cha kwanza, kidogo cha pili, kidogo cha tatu. Kisha rudi nyuma: cha tatu, cha pili, cha kwanza. Kwa njia hiyo mgeni na mwenyeji wanakunywa chai moja.

Mimina mpaka tone la mwisho. Hili ni muhimu kuliko linavyoonekana. Maji yakibaki na majani birikani, yanaendelea kuvuta uchungu wakati ninyi mnazungumza. Duru ya pili itakuwa haifai.

Chai sahihi ina rangi ya manjano yenye ukijani kidogo. Ikiwa ya kahawia, majani yamekaa mno au ni ya zamani.

Duru ya pili ipo. Mimina maji mengine ya moto juu ya majani yale yale, lakini safari hii usihesabu hata 30. Majani yamekwisha kulowa na kufunguka, hutoa upesi. Harufu ya mchele itakuwa imepungua na ladha ya jani itaonekana zaidi. Duru ya tatu ni ya kukata kiu tu.

Kosa kubwa kwetu litakuwa kuitia katika sufuria na kuichemsha na maziwa, kama tunavyofanya chai yetu. Mchele utalainika na kutoa wanga. Majani yatatoa uchungu wote. Utapata kitu kilicho kati ya uji na dawa. Chai hii haichemshwi. Humiminiwa maji.

Na sukari? Wajapani hawatii sukari wala maziwa. Tunashauri uionje kwanza bila kitu. Kama umezoea chai ya rangi isiyo na sukari, hutapata taabu. Kama hukuzoea, vikombe viwili vya kwanza utaona kama umeibiwa. Wamoroko hutia sukari nyingi na nanaa katika chai yao ya kijani, na hakuna aliyewafunga. Lakini katika hii, sukari huificha harufu ya mchele, na harufu hiyo ndiyo uliyoinunua.

KUKAANGA MCHELE MWENYEWE

Wako Wajapani wanaokaanga mchele nyumbani. Ukiwa na chai ya kijani bila mchele, unaweza kufanya hivyo nawe. Chukua mchele safi uliochambuliwa mawe. Uoshe, uloweke saa chache, uchuje, uanike mpaka ukauke. Weka kikaango kikavu juu ya moto mdogo. Usitie mafuta. Koroga bila kuacha. Punje zitageuka njano, kisha rangi ya karanga, na chache zitapasuka. Epua hapo. Mwaga mchele katika sinia upoe, maana ukiuacha kikaangoni utaendelea kuungua. Punje nyeusi zitupwe, zina uchungu. Ukishapoa kabisa, changanya na chai kiasi sawa kwa uzito.

Joto la kikaango hugeuza sukari na protini za mchele kuwa harufu mpya. Ndilo jambo lile lile linalofanya karanga, kahawa na mkate vinukie. Wakorea wanaijua siri hii kwa njia nyingine. Wali ukishaliwa, humimina maji juu ya ukoko uliobaki chunguni, wakayachemsha, wakanywa maji yake ya moto. Huita sungnyung. Nyumba ambazo watoto hugombania ukoko zitaelewa bila kufundishwa.

JE, INA FAIDA GANI MWILINI?

Utasikia kwamba chai ya kijani huponya ugonjwa huu na ule. Usinunue kwa sababu hiyo. Mgonjwa apelekwe zahanati. Na mchele uliomo si chakula cha kushibisha. Katika kikombe kimoja ni gramu chache tu, tena wenyewe hubaki birikani.

Jambo moja la kweli ni kafeini, kile kitu kinachofukuza usingizi. Jedwali lile la serikali ya Japani linasema hivi. Katika mililita 100 za kahawa mna miligramu 60 za kafeini. Katika chai nyeusi mna 30. Katika sencha mna 20. Katika genmaicha mna 10. Sababu ni rahisi: nusu yake ni mchele, na mchele hauna kafeini. Ndiyo maana Wajapani wengi huinywa jioni bila kuogopa kukesha, na huwapa wazee.

Lakini akina mama wasikilize hili. Chai, iwe nyeusi au ya kijani, ina vitu vinavyouzuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga za majani. Madini hayo ndiyo yanayojenga damu. Mjamzito na mtoto mdogo wanayahitaji sana. Mama anaweza kula mchicha kila siku, akanywa chai pamoja nao kila siku, na akaendelea kupungukiwa damu. Basi chai isinywewe pamoja na chakula. Ipite saa 1 kabla au baada ya kula. Mchele ndani ya genmaicha hupunguza kiasi cha majani, lakini hauliondoi jambo hili.

KUTUNZA

Chai hunywa harufu ya jirani yake. Ukiiweka karibu na samaki mkavu, karafuu, sabuni au kibatari cha mafuta ya taa, utakunywa vitu hivyo vyote. Iweke katika kopo kavu lenye kifuniko kinachobana, mbali na jua na moto wa jiko. Kijiko chenye maji kisiingie humo. Mchele wa kukaanga una mafuta kidogo ambayo huchacha yakikaa, kwa hiyo pakiti ikifunguliwa imalizwe mapema.

Mwisho, kuna matumizi ambayo hayako kikombeni. Wajapani humimina chai ya moto juu ya bakuli la wali uliobaki, wakaweka juu yake kipande cha samaki wa chumvi au tunda lililotiwa chumvi, wakala. Huita ochazuke. Genmaicha inafaa sana kwa kazi hiyo, maana mchele unakutana na mchele. Ukitaka kujaribu, tumia wali uliobaki mchana uliohifadhiwa mahali pa baridi na kufunikwa. Kiporo kilicholala usiku kucha katika joto kisitumike. Wali wa namna hiyo huweza kuwa na sumu ya vijidudu, na sumu hiyo haiondolewi kwa kumiminiwa chai ya moto.